Nyumba Zinazojengwa Upya: Busisi na Kipimo cha Urithi wa Majengo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyo msingi wa ulinzi wa majengo ya kihistoria Tanzania Bara, iliweka mpaka wa miaka usio na utata. Jengo linahesabiwa kuwa la kale, na kulindwa bila kusubiri tangazo la waziri, iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Milango na fremu za mbao zilizochongwa zilipewa mpaka wake: kabla ya mwaka 1940. Anayekitembeza kipimo hicho nchini atajikuta anaelekea pwani, kwenye kuta za matumbawe na chokaa: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, au msikiti na makaburi ya Kaole karibu na Bagamoyo. Fikra hiyohiyo ndiyo iliyoutambua Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Kote huko, nyumba ya kihistoria ni ile ambayo ukuta wake umesimama mahali pamoja kwa karne kadhaa, ukapita vizazi na tawala bila kuhama.

Kipimo hicho kikifikishwa Busisi hakipati cha kupima. Busisi iko wilayani Sengerema, ukingo wa magharibi wa ghuba ya Mwanza, ikitazamana na Kigongo ya Misungwi. Watu wameishi, wamevua, wamelima na wamefuga kandokando ya ghuba hii tangu zamani sana, lakini nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na nyasi, vitu ambavyo mchwa na mvua haviviachi vikae karne. Kutokana na hilo wengi wamehitimisha kwamba ukanda huu hauna historia ya majengo. Una historia ya watu, ya watemi, ya pamba na ya uvuvi, lakini majengo yake yanaanza pale Wajerumani walipojenga boma Mwanza. Hitimisho hilo si sahihi, na kosa lake liko kwenye kipimo. Kandokando ya ghuba ya Mwanza, kilichodumu ni ujuzi wa kujenga, pamoja na utaratibu wa jamii uliohakikisha kwamba nyumba inajengwa tena na tena kwa namna inayotambulika. Ukuta wenyewe haukukusudiwa kudumu. Tukiupima ujenzi wa Busisi kwa umri wa ujuzi badala ya umri wa ukuta, tunapata historia ndefu, yenye mabadiliko, yenye sanaa na yenye sababu zake. Tena tunaona wazi ni nini hasa kilichopotea katika miaka mia moja na ushee iliyopita, na nini bado kinaweza kuokolewa.

Tuanze na nyumba yenyewe. Aina iliyoenea Usukuma, Uzinza iliyo magharibi ya ghuba na visiwani ilikuwa msonge, nyumba ya duara yenye paa la nyasi lililochongoka. Nguzo zilisimikwa kufuata mduara, zikazungushiwa fito zilizofungwa kwa kamba za magome, kisha ukuta ukakandikwa udongo. Paa lilishuka chini kupita kimo cha mlango, hata mtu mzima akalazimika kuinama aingiapo, na kushuka huko hakukuwa upungufu wa ufundi: ukuta wa udongo hufa kwa maji, na paa lililoshuka lilikuwa mwavuli wake. Katika nyumba kubwa za Kisukuma kulikuwa na mduara wa pili ndani ya ule wa kwanza. Sehemu ya kati ilikuwa ya kulala na ya moto. Ukumbi uliozunguka katikati ya kuta mbili ulipokea ndama na mbuzi usiku, jiwe la kusagia, kuni na vyombo. Moto uliowaka ndani ulikuwa na kazi zaidi ya kupika. Moshi ulipanda ukapenya kwenye nyasi, ukafukuza wadudu, ukakausha nafaka iliyowekwa juu, ukazipa fito na kamba uhai mrefu zaidi. Paa, moto, mifugo na ukuta vilitegemeana, na ukiondoa kimoja vingine vilianza kuharibika. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloeleza namna msonge ulivyotoweka.

Hata hivyo, anayeutazama msonge mmoja peke yake anaona sehemu tu ya jengo. Jengo kamili lilikuwa kaya: nyumba kadhaa, vihenge vya nafaka na zizi la ng'ombe, vyote vimezungukwa na ua wa minyaa. Kila mke alikuwa na nyumba yake na kihenge chake, kwa hiyo ramani ya kaya ilikuwa pia ramani ya haki na wajibu ndani ya ukoo. Mnyaa ulichaguliwa kwa akili. Huchipua kwa tawi lililochomekwa ardhini, ng'ombe hawauli kwa sababu ya utomvu wake mkali, hustahimili ukame, na ukishamea sana huwa ukuta hai usiohitaji fundi. Ndiyo sababu minyaa iliishi zaidi ya nyumba ilizozilinda. Watu walipohama, kuta zilirudi kuwa udongo, lakini ua ulibaki na kuonyesha mahali kaya ilipokuwa. Wasukuma huyaita mahame hayo matongo, na ardhi yake, iliyorutubishwa kwa miaka mingi na samadi ya zizi, ilithaminiwa kwa kilimo. Hapa tayari tuna ushahidi wa majengo unaoweza kusomwa na mtu yeyote mwenye subira, hata kama hakuna ukuta uliosimama.

Kwa nini basi watu wenye ujuzi huo hawakujenga kwa mawe, ilhali ukanda huu una miamba mingi kiasi kwamba Mwanza inajulikana kama jiji la miamba? Jibu liko kwenye maisha yenyewe. Mkulima mfugaji wa hapa alihitaji kuweza kuhama. Shamba lilichoka, malisho yalihama, mbung'o waliingia kwenye pori lililoachwa bila kufyekwa, na ugonjwa wa malale ulioangamiza watu wengi kandokando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 uliwafundisha wakazi kwamba mahali salama leo panaweza kuwa mauti kesho. Ziwa lenyewe halikai palepale. Mvua kubwa za kuanzia mwaka 1961 ziliinua kina cha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, na fukwe zilizokuwa na makazi zikafunikwa na maji. Katika mazingira kama hayo, nyumba ya mawe ingemfunga mwenye nyumba mahali ambapo busara inamtaka aondoke. Msonge ulimruhusu kuhama na mali yake yote muhimu, yaani mifugo, mbegu, watu na ujuzi, huku akiuacha udongo urudi kwa udongo. Wavuvi wa mialoni walijenga vibanda vyepesi zaidi vya matete na nyasi kwa sababu hiyohiyo. Wepesi wa majengo haya ulikuwa uamuzi uliopimwa, na ulipimwa na watu walioujua mvutano wa ziwa na nchi kavu kuliko mtu mwingine yeyote.

Uamuzi huo ungekuwa bure bila nguvu kazi ya kuutekeleza. Kuezeka paa kubwa la nyasi ni kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja: kukata nyasi katika msimu wake, kuzikausha, kuzibeba, kuzipanga kwa tabaka na kuzifunga. Usukumani kazi za namna hii zilipangwa kupitia basumba, yaani vijana wa kijiji chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, ambaye hakuwa mtu wa mtemi bali wa vijana wenyewe. Aliyejengewa leo alidaiwa jasho lake kesho, naye alilipa kwa chakula na pombe. Kijana aliyejenga nyumba za wenzake kwa misimu kadhaa alikuwa amejifunza ufundi bila kukaa darasani. Hapa ndipo ulipokuwa uimara wa ujenzi wa ghuba. Nyumba moja ilidumu miaka michache tu, lakini kwa kuwa kila mwaka kulikuwa na nyumba ya kujengwa, mikono ya kuijenga haikukosekana na macho ya kuikosoa yalikuwapo.

Ushahidi kwamba ujenzi huu ulikuwa umeshakamilika kabla ya wageni upo katika maandishi ya wageni wenyewe. John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa mwezi Agosti 1858, miaka mitano kabla ya mwaka ule wa mpaka katika sheria yetu, akitokea Kaze, Tabora ya leo. Henry Morton Stanley alipofika Kageye, mashariki ya Mwanza, tarehe 27 Februari 1875, alikuta kijiji cha nyumba za misonge. Ushahidi wenye uzito zaidi ni ule wa mwaka 1889. Mmisionari Alexander Mackay, mhandisi kwa taaluma, alikuwa akiishi Usambiro, kusini mwa ziwa, baada ya kufukuzwa Buganda. Stanley alipompitia hapo aliandika kuhusu nyumba imara ya udongo yenye kuta za unene wa karibu futi mbili, zilizosiribwa vizuri. Mackay, aliyefariki palepale Usambiro mwezi Februari 1890, alikuwa na elimu ya Ulaya ya chuma na mashine, lakini alipotaka nyumba ya kuishi mwambao huu alirudi kwenye udongo, nyenzo ambayo wenyeji walikuwa wameijua kwa vizazi. Mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika walioanzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883, upande wa Kigongo, nao walianza kwa vifaa vya hapohapo kabla ya matofali ya kuchoma na mawe kuchukua nafasi. Mgeni alijifunza kwanza kutoka kwa mwenyeji. Mwenyeji akajifunza baadaye kutoka kwa mgeni. Mtiririko huo wa pande mbili ni historia ya usanifu kwa maana yake kamili.

Wapo wanaokubali kwamba misonge ilikuwa na manufaa lakini wanakataa kwamba ilikuwa na sanaa. Kwa hao jibu lilichapishwa mwaka 1953. Hans Cory, mtaalamu wa elimu jamii wa serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu kizima kuhusu michoro ya kutani ya chama cha wachezaji wa nyoka wa Usukuma, michoro iliyofanywa ndani ya nyumba walimofundishiwa wanachama wapya. Kulikuwa na sura za watu, nyoka na viumbe vya masimulizi, na kila mchoro ulikuwa somo la mwanafunzi. Michoro hiyo ilikuwa upande wa ndani, kwenye kuta za udongo ambazo zingeanguka siku moja. Aliyeichora alijua hivyo. Nyumba ya aina hii ilipoanguka, mwalimu aliichora upya kwenye ukuta mpya, na somo likaendelea. Kama tungeisubiri sanaa hiyo itimize masharti ya mwaka 1863, tusingeijua kamwe.

Utaratibu huu ulianza kuvunjwa kwa vipande, na kila kipande kina tarehe yake. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba. Kodi iliyohesabu nyumba iliigeuza kaya yenye nyumba ya kila mke kuwa mzigo, ikampa mwenye kaya sababu ya kubana watu wengi chini ya paa moja. Mwezi Julai 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Mwanza, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika bandarini. Reli ilileta saruji na mabati kwa bei ambayo msafara wa wapagazi usingeweza, na mitaa ya Mwanza ikapata nyumba za maduka za wafanyabiashara wa Kihindi zenye duka mbele na makazi nyuma au juu. Umbo la mstatili lilikuwa sasa ndilo umbo la fedha, la ofisi na la shule. Baada ya Vita Kuu ya Pili, pamba iliwapa wakulima wenyewe uwezo wa kununua umbo hilo. Muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, uliosajiliwa mwaka 1955 kutokana na harakati za kina Paul Bomani, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na hela ya msimu wa pamba ikawa hela ya bati. Katika miaka hiyohiyo Wasukuma wengi waliihama nchi iliyojaa watu na mifugo wakavuka kwenda Geita na Uzinza, wakisukumwa pia na Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947. Ukanda wa Busisi ukawa nchi ya watu wapya wakiishi pamoja na Wazinza waliokuwapo, na nyumba zao zikachanganyika vivyo hivyo.

Kipande kikubwa zaidi kilivunjika mwaka 1974. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mwananchi wa mashambani awe anaishi kijijini. Operesheni Vijiji ilipofika mkoa wa Mwanza iliikuta jamii ambayo kaya zake zilitawanyika, kila moja ndani ya minyaa yake, katikati ya mashamba na malisho yake. Iliziweka kwenye mistari. Nia ya kufikisha shule, zahanati na maji kwa watu ilikuwa njema, na watoto wengi walisoma kwa sababu hiyo. Lakini kwa upande wa majengo, kilichohamishwa kilikuwa nyumba bila kaya. Kiwanja cha mstari hakikuwa na nafasi ya zizi katikati wala ya ua wa minyaa, na nyumba ya mstatili iliyotazama barabara ndiyo iliyohesabiwa kuwa nyumba bora. Baadaye wapo waliorudi mashambani kwao, lakini walirudi na bati.

Pingamizi la kwanza na zito linatoka hapa. Watu, linasema, waliuacha msonge kwa hiari kwa sababu ulikuwa nyumba ya dhiki. Nyasi huwaka. Paa hudai ukarabati kila baada ya misimu michache. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo na kuleta homa. Moshi huumiza macho na mapafu ya akina mama. Bati, kwa upande wake, huvuna maji ya mvua, hudumu miaka mingi na humfanya mwenye nyumba aheshimike. Yote hayo ni kweli, na hakuna anayelipenda eneo hili ambaye angemtaka bibi kizee arudi kuvuta moshi ili wengine wafurahie mandhari. Lakini hoja ya hiari inaacha jambo moja nje. Msonge ulisimama juu ya mihimili mitatu: nyasi nyingi, nguvu kazi ya pamoja, na mpangilio wa kaya uliounganisha moto, mifugo na paa. Ongezeko la watu, mifugo na mashamba ya pamba lilipunguza nyasi. Fedha na shule ziliwatoa vijana kwenye basumba. Kodi na mistari ya vijiji viliigawanya kaya. Jiko likatolewa nje, na paa lisilopata moshi likaoza haraka kuliko zamani. Mwenye nyumba wa miaka ya 1980 aliyelinganisha msonge na bati alikuwa analinganisha bati jipya na msonge uliokwisha kukatwa miguu. Uamuzi wake ulikuwa wa busara kwa hali ile, lakini hauthibitishi kwamba ujenzi wa babu yake ulikuwa duni. Isitoshe, nyumba iliyochukua nafasi yake ina gharama zake: bati bila dari huwa tanuri mchana, na matofali ya kuchoma huteketeza miti mingi katika nchi iliyokwisha pungukiwa miti.

Pingamizi la pili ni la wataalamu. Kitu kinachojengwa upya kila mara, wanasema, hakiwezi kuwa urithi halisi. Ni nakala ya nakala. Ziwa hilihili lina jibu lake, upande wa Uganda. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, ilijengwa na Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 kwa miti, matete na nyasi, na wafalme wanne wa Buganda wamezikwa humo. Paa lake lilifumuliwa na kuezekwa upya mara nyingi, na mwaka 1938 liliongezewa nguzo za zege na vyuma. Pamoja na hayo, UNESCO iliiingiza Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikitambua kwamba thamani yake imo pia katika ibada, katika kazi ya ukoo wa Ngeye ambao ndio wenye haki ya kuezeka, na katika ujuzi unaorithishwa. Moto ulipoiteketeza tarehe 16 Machi 2010, hakuna aliyesema sasa urithi umekwisha. Mafundi walirudi kazini, ikajengwa upya, na mwezi Septemba 2023 ikaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tamko la Nara la mwaka 1994 lilikuwa limeshakubali kwamba uhalisi wa urithi hauwezi kupimwa kwa kigezo kimoja kwa tamaduni zote, na Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa kulinda urithi usioshikika. Kwa hiyo msingi wa kimataifa upo. Kinachokosekana ni sheria na mazoea ya nyumbani kuufuata.

Mtu anaweza kujibu kwamba Kasubi ni ya wafalme, na kwamba nyumba ya mkulima wa Busisi haina kaburi la kabaka la kuipa uzito. Hapo ndipo kazi ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza, inapokuwa na maana. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, alianza miaka ya 1950 kuwakusanya Wasukuma wenye ujuzi ili wahifadhi mila zao, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1968 yana nyumba ya mganga, nyumba ya mhunzi na majengo ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, pamoja na vitu vya watemi. Kanisa la hapo lenyewe lilifuata umbo la duara. Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam yalianza katika miaka hiyohiyo ya 1960 kwa kuwaleta wajenzi wa makabila mbalimbali wajenge nyumba zao wenyewe. Katika sehemu zote mbili nyasi zimebadilishwa mara kwa mara, na hakuna mgeni anayeondoka akidai amedanganywa. Upungufu wa makumbusho ni mwingine: hutunza mfano mmoja mahali pamoja, wakati ujuzi huishi kwa kutumiwa mahali pengi. Fundi anayeezeka nyumba moja ya makumbusho kila baada ya miaka kadhaa hawezi kufundisha kizazi.

Lipo pia pingamizi la kisiasa, nalo halipaswi kudharauliwa. Nchi iliyofuta mamlaka ya watemi mwaka 1963 na kujenga umoja wake kwa lugha moja ina sababu ya kuhofu kwamba kufufua nyumba za jadi ni kufufua ukabila. Busisi yenyewe inaondoa hofu hiyo. Hapa Wazinza, Wasukuma, Wakerewe na wengine waliofuata samaki au ardhi wamejenga pamoja. Msonge haukuwa wa kabila moja. Ulizunguka ziwa, kuanzia Usukuma hadi Buhaya na Buganda, kila mahali ukibadilika kufuatana na nyasi, mvua na mifugo ya mahali hapo. Kuandika historia hiyo ni kuandika namna watu wa asili tofauti walivyogawana maarifa ya kuishi kwenye ziwa moja, na hakuna somo la umoja lililo bora kuliko hilo.

Kazi hii ina haraka kwa sababu Busisi inabadilika tena, na safari hii kwa kasi kuliko zamani zote. Kwa miaka mingi uhai wa Busisi ulikuwa kivuko. Magari na abiria wa kwenda Sengerema na Geita walisubiri MV Misungwi, MV Mwanza na MV Sengerema, wakati mwingine kwa saa nzima au zaidi, na kusubiri huko kulizalisha makazi ya namna yake: biashara za chakula na maduka yaliyoegemea barabara na gati. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2020. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando, Mwanza, hacheleweshwi tena na ratiba ya kivuko, na kila mkazi wa ukanda huu ana haki ya kufurahi. Lakini daraja linapandisha thamani ya ardhi na kuvuta wajenzi wapya, na minyaa ya matongo ndiyo hung'olewa kwanza kiwanja kinapopimwa. Hata makazi ya zama za kivuko, yaliyojengwa kwa kusubiri, ni hatua ya historia inayostahili kupimwa na kupigwa picha kabla haijafutika. Nyumba haihitaji kuwa ya nyasi ili iwe ushahidi.

Yapo mambo manne yanayowezekana bila bajeti kubwa. La kwanza ni kuchora ramani ya matongo na nyua za minyaa zilizosalia wilayani Sengerema na Misungwi. Kwa kuwa upimaji wa viwanja unaendelea, mpimaji anaweza kuagizwa kuziweka kwenye ramani yake kabla hazijang'olewa. La pili ni kuwarekodi mafundi wazee wa kuezeka, kukandika na kusuka fito wakiwa bado wana nguvu ya kuonyesha kwa mikono, na kuwaunganisha na vyuo vya ufundi stadi ili ujenzi wa udongo ufundishwe pamoja na ule wa saruji, ukiboreshwa kwa msingi wa mawe, dirisha la kutoa moshi na sakafu isiyofuga papasi. La tatu ni nyasi zenyewe. Wasukuma wana ngitili, sehemu za malisho zinazofungwa ili ziote tena, na mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulionyesha kwamba utaratibu huo wa jadi unaweza kurudisha uoto kwenye maeneo makubwa yaliyokuwa tupu. Ngitili iliyotengewa nyasi za kuezekea ingefufua mhimili wa kwanza kati ya ile mitatu. La nne ni sheria. Mwaka 1863 unaweza kubaki kwa magofu ya mawe, lakini panatakiwa kipengele cha pili kinacholinda ujenzi kwa mwendelezo wake: kuthibitisha kwamba umbo, nyenzo na mafundi wa nyumba wamerithishana bila kukatika, hata kama nyumba yenyewe imeezekwa mwaka jana. Kwa kipengele hicho mkulima wa Busisi anayejua kusimamisha msonge angetambuliwa na dola kuwa mtunza urithi, mwenye haki ya kulipwa akifundisha, na mtoto wake angekuwa na sababu ya kujifunza.